Ndege wa ufukweni si wa watalii peke yao

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Korogwe aliandika hivi karibuni kwamba kutazama ndege ni starehe ya Wazungu waliostaafu, na kwamba Mswahili akimwona ndege huwaza mchuzi. Kuhusu mchuzi sibishani naye sana, maana kanga na kororo ni watamu. Hilo la kwanza ndilo naomba nafasi nilijibu.

Mimi ni mpiga picha. Kwa miaka mingi nilikuwa na studio ndogo hapa Ngamiani, kazi ikiwa pasipoti, vitambulisho, maulidi na harusi. Zilipokuja simu zenye kamera, wateja wakapungua hadi nikabaki na mapazia tu. Nikauza taa, nikabakiza kamera, nikanunua lenzi ya mtumba ya milimita 400, nikaanza kushuka pwani ya Mwambani na Sahare. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili. Siku hizi huniuliza mwenyewe: "Leo maji yanajaa saa ngapi?"

Na swali lake ndilo lenyewe. Wengi huenda kutafuta ndege maji yakiwa yamekupwa kabisa, wakaambulia vidoa vyeupe kule mbali kwenye matope, nyuma ya akina mama wanaookota kombe, kisha wakarudi wakisema hakuna kitu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, shuka maji yakiwa makavu, tafuta kivuli cha mkandaa, keti chini, nyamaza. Maji yakianza kujaa, ufukwe unazidi kuwa mwembamba, na ndege wanasogea kidogo kidogo kuja ulipo: sululu na mdomo wake uliopinda, vitwitwi wa kila namna, yangeyange, membe. Huna haja ya kumfukuzia mtu. Ila ukinyanyuka kujinyoosha tu, wote wamekwenda.

Ninayemngoja hasa ni mla kaa, ambaye vitabu humwandika Dromas ardeola. Ni mweupe pe, mgongo mweusi ti, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi ambao ukiutazama unaona kabisa kichwa kimeelemewa. Hutembea taratibu, akasimama, akakimbia hatua chache, akadunga. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hutikiswa na kubamizwa mpaka miguu na magando yatawanyike, ndipo kiwiliwili kikapelekwa chini. Nina picha moja ambayo gando liko hewani, limeachama bado, na tone la maji linaning'inia kwenye ncha ya mdomo wa ndege. Hiyo sitaiuza hata kwa fedha nzuri.

Kumpiga huyu kuna shughuli. Jua letu la mchana likishuka juu ya manyoya meupe, kamera inababaika: ama weupe unaungua, ama mgongo unageuka shimo jeusi. Hapo ndipo mabibi harusi waliponifaa. Aliyewahi kupiga shela nyeupe na koti jeusi la bwana harusi kwenye picha moja, nje, mchana, anajua la kufanya: punguza mwanga, okoa weupe kwanza, weusi utautafuta baadaye kwenye kompyuta. Weupe ukishaungua haurudi.

Mla kaa hazaliwi kwetu. Huzaliana kwenye pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, huko Uarabuni. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe humo ndani, na joto la mchanga likamsaidia kuatamia. Vitwitwi wengine hawana desturi hiyo. Kinda akishaweza kuruka husafiri na wazazi, na utamkuta huku kwetu, kimo sawa na mzee wake, bado anadai kulishwa. Nimempiga mmoja wa hao: kijana wa kijivu ameinama analia, na mzee amegeuzia uso upande wa pili. Nilipowaonyesha majirani kibarazani, kila mama pale alitaja jina la mwanawe.

Usumbufu upo, siufichi. Mtu mzima mwenye lenzi ndefu ufukweni huonekana ama mpelelezi ama dalali wa viwanja. Mlinzi mmoja aliwahi kuniweka chini tangu asubuhi hadi adhuhuri, akitaka kuona nimepiga nini. Nikampa kamera, akapitia moja moja bila haraka. Mwishowe akauliza kama yule mwenye mkia wa mkasi hula dagaa. Nikamwambia ni membe, na dagaa anawapenda kuliko sisi. Tuliagana kwa heri, lakini anayetaka kuanza ajue: karibu na bandari na mitambo usinyanyue kamera kabisa, na kwingine jitambulishe kwanza kwa wavuvi na viongozi wa mtaa.

Tuje kwa hao Wazungu waliostaafu. Nimewaona huko kwao. Mwanangu anaishi Uingereza, na nilipokwenda kumsalimu wakati wa baridi alinipeleka Slimbridge, kando ya mto Severn, hifadhi ya ndege wa majini iliyoanzishwa na Peter Scott, mchoraji na mpenzi wa ndege, mwaka 1946. Wazee walikuwepo kweli, na termosi zao za chai. Walikuwepo pia watoto wadogo na vijana wenye kamera ambazo kwa bei yake hapa Tanga ungepata pikipiki. Wakati wa baridi hufika pale mabata maji weupe, shingo ndefu, wakitokea kaskazini kabisa ya Urusi. Mwaka 1964 Scott alianza kuchora midomo yao mmoja mmoja, kwa kuwa aliona mabaka yao ya njano na meusi hayafanani. Kila mmoja akapewa jina, na wakirudi mwaka mwingine inajulikana nani karudi na mchumba gani, na nani hakuonekana. Nilipoelezwa hayo nilicheka peke yangu: kumbe na wao wanapiga pasipoti!

Vidole viliniganda, sikuweza hata kubonyeza. Ila wivu niliorudi nao haukuwa wa ndege, kwani ndege tunao. Niliona wivu kwa kile kibanda chao cha mbao chenye dirisha refu jembamba. Unaingia, unakaa kwenye benchi, unapitisha lenzi, ndege hana habari nawe. Mtoto anaruhusiwa hata kupiga chafya.

Na hapo sijagusa Amani, juu ya Muheza, msitu ambao tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Kuna chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, anayeitwa kwa jina la Amani yenyewe. Kuna na kijidege cha kahawia, mdomo mrefu, kilichopewa jina la Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha pale kabla ya Vita Kuu ya Pili. Dunia nzima kinajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Watu hupanda ndege kuja kukitafuta. Mimi nimekisikia ndani ya msokotano wa mimea itambaayo. Picha sina, na shingo iliniuma wiki nzima.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni nafasi ndogo, hata chini ya ukurasa wa michezo, ya picha za ndege zilizopigwa na wasomaji, zenye majina tunayowaita sisi. Kwa ndugu zangu wa Mwambani na Sahare nina ombi jingine. Maji yakijaa kabisa, ndege hubakiwa na kipande kidogo cha mchanga cha kupumzikia, na ndicho hicho vijana wa bodaboda wanachopenda kukimbizia pikipiki. Mwezi Machi ndege hawa wanajinenepesha kwa safari ya kaskazini. Kila wakirushwa, mafuta yanapungua. Tukisimamisha kibanda cha makuti pembeni pale, chenye upenyo wa kuchungulia, pikipiki zitapata sababu ya kupita kwa nyuma na watoto watapata pa kukaa. Boriti nitatoa mimi. Makuti na fundi tuzungumze.

Mpiga picha wa zamani,
Ngamiani, Tanga