Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakazi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa mtaa,

Nianze na daftari. Wengi mnalijua: lile lililofungwa kwa kamba kwenye dirisha la kioski cha maji, jalada limeshavimba kwa unyevu. Tangu Januari kila mwenye zamu ya koki ameandika siku maji yalipotoka, saa yalipokatika, na kama ndoo ya lita 20 ilijaa upesi au kwa kudondoka. Mwanzoni baadhi yetu tuliona ni kujisumbua. Miaka yote tulikwenda ofisi ya maji na malalamiko ya mdomo, tukasikilizwa kwa upole, tukarudi na ndoo zetu. Machi tulikwenda na daftari. Fundi alilifungua mezani, akafuata tarehe kwa kidole, akaona kwamba maji yanakatika kila baada ya mvua kubwa. Wiki hiyohiyo alipanda na vijana wetu hadi kwenye bomba la juu, upande wa mlima Loleza. Wakakuta maji ya mvua yamekula udongo na kiungio kimeachia. Vijana walichimba, ofisi ya maji ikaleta bomba. Siku maji yalipotoka, akina mama hawakupiga vigelegele. Walitazama kwanza kama yatadumu. Yamedumu.

Nalisema hili kwa uzito, maana limenifundisha mengi: safari hii tulikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Ujenzi wa mtaro wa maji ya mvua nao umesogea. Tangu tope la mlima Kawetere lifukie nyumba kule Itezi, hapa Mbeya, Aprili 2024, hakuna anayehitaji kubembelezwa kuja kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Mchanga na nguvu kazi vilitoka kwetu, mawe na saruji vikatoka halmashauri. Kipande cha karibu na kalavati bado hakijajengewa, na nyumba tatu za pale chini ndizo zinazoninyima usingizi. Nataka kiishe kabla ya mvua za Novemba.

Kwenye taka sijaridhika. Mkandarasi tuliyeelewana naye alikusanya ada zetu, gari likaonekana mara chache, kisha halikuonekana tena. Tulipomdai hatukuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha, na hilo ni kosa la kamati yangu. Nawaomba radhi. Sasa vijana wenye guta wanapita kila Jumamosi kuzipeleka taka ghubani, pale zinapokusanywa, na makubaliano yao yameandikwa na kugongwa muhuri wa mtaa. Wamesajili kikundi ili waombe mkopo usio na riba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Akina mama wa genge, hata ninyi fungu lenu lipo, msiliache.

Mapato na matumizi atayasoma Mhazini, na vitabu viko wazi kwa yeyote.

Jambo la mwisho ni la kuamua leo. Mama yetu aliyeanzisha daftari anahamia kwa mwanawe Tunduma. Daftari lake limejaa hadi ukurasa wa nyuma. Jipya liko hapa mezani pamoja na kalamu, na mkutano huu unahitaji kupata wa kulishika.

Naomba kuwasilisha.