Mheshimiwa Waziri, tunaomba mtego unaomwachia chonga aondoke

Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo

Mheshimiwa Waziri,

Huku Pwani chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi, hahitaji kutambulishwa. Kuti changa likichanua limekatwa pembe kama kwa mkasi, kila mtu anajua nani kapita. Kwa mnazi mkubwa ni hasara. Kwa mche, akishafika kwenye kilele, ndiyo basi.

Ushauri tunaopewa ni kumchokoa kwa waya na kuchoma magogo. Waya unamtoa mmoja. Na magogo nani atayamaliza? Ugonjwa wa kunyong'onyea umeiangusha minazi hadi kwenye mashamba ambayo wenyewe wameshahamia mjini, na humo ndani ya vigogo vilivyooza, na kwenye marundo ya samadi, ndimo mabuu yanamonenepa.

Ipo njia ya kumtuma chonga mwenyewe. Mtego unatiwa harufu inayowaita, madume kwa majike, lakini badala ya kuzama kwenye ndoo wanapita juu ya unga wa kuvu iitwayo Metarhizium, kisha wanaachiwa. Mbegu za kuvu humganda mdudu mwilini, hutoboa ngozi na kumla kwa ndani. Mzoga huishia kuota ukungu wa kijani. Jike likiwahi kwenda kutaga kabla ya kufa, linaupeleka ugonjwa mahali ambapo panga letu halifiki: ndani ya gogo, penye giza na unyevu, mbali na jua ambalo huiua kuvu hiyo.

Wataalamu wako watasema chonga aliyeachiwa bado ana siku kadhaa za kutoboa minazi. Ni kweli. Basi mitego ianzie kwenye mashamba yaliyotelekezwa, isiwekwe kando ya miche.

Wala kuvu si kitu kigeni nchini. Mwaka 2009 nzige wekundu wa mbuga za Iku-Katavi, magharibi mwa Tanzania, walinyunyiziwa kuvu ya jamii hiyohiyo kwa helikopta. Jirani zetu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wameshaujaribu mtego wa kuambukiza kwa nzi wa matunda. Mnazi umesahauliwa, kama kawaida yake.

Tunaomba TARI Mikocheni, watafiti wa kilimo wa serikali, wapewe fedha wapime ni kuvu ipi inamuua chonga wetu (maana anayeandikwa zaidi ni yule wa Asia), wafanye majaribio Mkuranga au Mafia kwa misimu miwili, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, yawe mazuri au mabaya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa minazi, Mkuranga