Kiraka cha fila ya magari hakifai kwenye boti ya faiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloonekana dogo kwa asiyefanya kazi majini, nalo ni namna tunavyoziba mikwaruzo na sehemu zilizomeguka katika boti za faiba, yaani zilizoundwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, hapa Kisumu.

Mwezi uliopita mwenye boti ya kubebea watalii aliniita ufuoni Dunga nimtazamie kiraka kilichokuwa kimebadilika rangi karibu na omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, chini kidogo ya mstari wa maji. Kiraka chenyewe hakikuwa kimemaliza mwaka. Nilikigusa kwa ncha ya kisu, kikabanduka chote kwa mpigo kama gamba la kidonda, na chini yake nikakuta fila ya magari, ile lahamu ya kuzibia mabonde ya bodi, iliyolainika mithili ya chaki iliyomwagiwa maji. Chini ya fila hiyo nyuzi za faiba zilikuwa zimebadilika rangi, na nilipozikandamiza kwa kidole gumba zilitoa unyevu. Boti ilikuwa imegonga jiwe na kupata jeraha lisilozidi kifuniko cha soda; sasa ubovu ulikuwa umeenea upana wa sahani.

Simlaumu sana aliyeifanya kazi ile. Vyombo vingi vya ziwa hili ni vya mbao, na mafundi wetu wa jadi wanajua kupiga misumari na kutia kalafati kuliko mtu yeyote nimjuaye. Boti za faiba zilipoanza kuongezeka kwa ajili ya utalii, uchukuzi na ufugaji wa samaki katika vizimba, wenye boti wakakimbilia fundi wa karibu aliyewahi kushika faiba, na mara nyingi huyo alikuwa fundi wa bodi za magari. Yeye naye akatumia alichokuwa nacho mkononi: fila, msasa na rangi ya mafuta. Fila hiyo haina ubaya wowote ikiwa kwenye ubavu wa matatu inayonyeshewa saa moja na kukauka saa mbili. Ila ndani yake mna unga laini wa talki unaonyonya maji, na boti hulala majini usiku kucha.

Lazima ieleweke kwamba ngozi ya nje ya boti ya faiba, inayoitwa jelikoti, si rangi iliyopakwa baada ya boti kuundwa. Ni resini ya poliesta, yaani kiowevu kizito kinachoganda na kuwa kigumu, iliyochanganywa na rangi, ambayo hupulizwa kwanza kabisa ndani ya kalibu, kisha matabaka ya faiba yakalazwa juu yake, hivyo boti inapotolewa katika kalibu ngozi hiyo huwa imeshikana na mwili. Unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita, yaani haufikii hata kadi ya benki. Nusu milimita hiyo ndiyo inayozuia jua na maji visifike kwenye nyuzi, na ikishatobolewa, maji hufuata nyuzi zile kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Wengi hudhani kwamba boti ya Ziwa Victoria inastarehe kuliko ya Mombasa kwa sababu maji yetu hayana chumvi. Kwa injini na vyuma ni kweli. Kwa faiba ni kinyume. Maji hupenya polepole hata kwenye jelikoti nzima, yakayeyusha mabaki ya kemikali yaliyomo ndani ya resini na kufanya tone la maji mazito, na tone hilo huzidi kuvuta maji kutoka nje. Kadiri maji ya nje yalivyo baridi, yaani matamu yasiyo na chumvi, ndivyo mvuto huo unavyokuwa na nguvu. Matokeo yake ni malengelenge kwenye tumbo la boti, ambayo ukiyapasua hutoa majimaji yenye harufu kali kama siki. Iwapo maji yanaweza kufanya hivyo kwenye ngozi nzima, msomaji ajihukumie mwenyewe yatafanya nini kwenye mkwaruzo ulioachwa wazi msimu mzima.

Si kila mkwaruzo unahitaji kujazwa. Pitisha ukucha juu yake: usiponasa, sabuni, dawa ya kung'arishia na nta vinatosha, wala usikubali fundi akutoze zaidi ya hapo. Ukucha ukinasa, unahitaji kujaza. Ukiona nyufa nyembamba zilizotawanyika kama miguu ya buibui kuzunguka mahali kamba inapofungwa, au mahali boti ilipogongwa, kwanza tafuta kinachoufanya mwili upinde, kwa sababu ukizijaza bila kukiondoa zitarudi pale pale. Kisha gonga eneo lote kwa sarafu ya shilingi ishirini, taratibu, ukisikiliza. Faiba nzima hulia kwa sauti kavu na kali, ilhali iliyoachana ndani hutoa sauti nzito iliyofifia, na hapo tatizo limevuka jelikoti, matabaka yenyewe yanapaswa kukatwa na kujengwa upya.

Kazi ya kujaza kwa jelikoti huanza kwa usafi. Osha kwa sabuni, acha pakauke, kisha futa kwa asetoni ukitumia kitambaa safi, kwa kuwa nta ya zamani ikibaki hakuna kitu kitakachoshika. Hatua inayofuata ndiyo inayowashangaza wenye boti: ufa haujazwi jinsi ulivyo, bali hupanuliwa kwanza kwa kona ya patasi au kimashine cha kuchimbia hadi uwe mfereji wenye umbo la V, na kingo zake zikakwaruzwa kwa msasa. Nimeshaambiwa, “Fundi, umekuja kutengeneza au kuharibu?” Jelikoti haina mahali pa kushikilia ndani ya ufa mwembamba kama unywele, na ukiipaka juu juu itatoka na wimbi la kwanza la Mbita.

Kuhusu hadena, kiowevu kinachoifanya jelikoti igande, ndipo penye makosa mengi, yakiwemo yangu. Kiwango ni asilimia 1 na nusu hadi 2 hivi, kufuatana na maelezo ya mtengenezaji, maana yake mililita 2 tu kwa mililita 100 za jelikoti. Mimi hutumia bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe, kwa sababu kwa kazi ndogo ya mililita 20 unahitaji chini ya nusu mililita, na jicho haliwezi kukadiria hilo. Kabla sijajifunza hivyo niliwahi kumimina kwa kifuniko cha chupa, saa saba mchana, mwezi wa Januari. Sikumaliza kukoroga. Kikombe kilipata moto mkononi, kikaanza kutoa moshi, na kiasi kidogo nilichokuwa nimeshapaka kikapasuka kabla ya jioni. Niliporudia, kwa woga, nikatia matone machache mno, na kiraka kikabaki laini kama gundi kwa siku tatu hadi nikakikwangua chote. Tangu hapo sipunguzi hadena chini ya kiwango ili kupambana na joto la Kisumu. Nafanya kazi alfajiri, kivulini, na nakoroga kidogo kidogo. Naivasha, ambako nilikaa msimu mmoja nikitengeneza boti zilizochanwa na visiki vya migunga na nguzo za ua zilizofunikwa ziwa lilipopanda, mambo yalikuwa kinyume: kule ni juu kuliko hapa kwa zaidi ya mita 700, usiku ni baridi, na kiraka kilichopakwa jioni kilikuwa bado hakijaiva asubuhi.

Jelikoti ya kawaida ina tabia nyingine, kwamba upande unaogusa hewa haukauki vizuri, hubaki ukinata. Ndiyo maana baada ya kuijaza, ikiwa imeinuka kidogo kupita usawa wa boti kwa kuwa itanywea, hufunikwa kwa karatasi ya nailoni na kubanwa kwa tepu pande zote. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2017, mimi hutumia karatasi ya mkate, sehemu isiyo na maandishi, na mke wangu ameshazoea kuuliza mkate mmoja unavuliwa nguo mara ngapi.

Ikishaiva, ondoa karatasi na upige msasa wa maji ukifuata namba: 320, 400, 600, 800, mpaka 1,000 au 1,200, ukifunga msasa kwenye kipande cha mbao ili usichimbe shimo kwa vidole. Malizia kwa dawa ya kung'arishia na nta. Mtu asiruke namba ili awahi, kwani mikwaruzo ya 320 haiondoki kwa 1,000, na jua la adhuhuri litaionyesha yote.

Rangi nayo ina ujanja wake. Boti nyeupe iliyokaa miaka mitano chini ya jua letu, huku alama ya ikweta ikiwa hapo Maseno, si nyeupe tena, na kiraka cheupe kutoka mkebeni kitaonekana kutoka ng'ambo ya ghuba. Ng'arisha kwanza eneo la jirani uione rangi yake halisi, kisha ongeza tone la manjano au kahawia kwenye jelikoti kabla ya kutia hadena, ukijaribu juu ya kipande cha tepu kilichobandikwa kwenye boti yenyewe. Hili huchukua muda mrefu kuliko kujaza kwenyewe, na sijapata mteja aliyeliona kuwa ni kazi.

Vijana wanaoshika kazi hii wakiwa wamevaa malapa na fulana pekee, naomba wasikie: hadena ikiingia jichoni inaweza kumpofusha mtu, hivyo miwani ya kujikinga haina mjadala na maji safi yawe karibu. Panapouzwa resini yenye kobalti ya kuharakisha kando, hadena na kobalti zisichanganywe moja kwa moja hata kwa tone, kwa kuwa zinaweza kulipuka. Vumbi la faiba na mvuke wa resini vinahitaji barakoa inayofaa, si leso.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye maduka mjini wanaomimina jelikoti na hadena kwenye chupa za maji ya kunywa na kutuuzia bila jina wala tarehe. Hadena iliyozeeka hupoteza nguvu, na fundi aliyepima vizuri hulaumiwa kwa kiraka kisichoiva. Zaidi ya hayo, siku moja mtoto atainywa chupa hiyo. Waandike jina la dawa, tarehe ya mwisho na onyo. La pili ni kwa vyuo vya ufundi vya kaunti zinazopakana na ziwa, Kisumu, Homa Bay, Siaya, Migori na Busia: somo la faiba lisiishie kwenye matangi ya maji na bodi za magari, nao viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, wawaruhusu wanafunzi kuja kwenye fuo zao kujifunza juu ya boti halisi, kwani majeruhi hawakosekani.

Boti niliyoitaja mwanzoni imekaa juu ya magogo, ubavu uko wazi, imeezekewa turubai, nami huenda kila Jumamosi kuigonga kwa sarafu na kushika kama bado ina unyevu. Mwenyewe ananipigia simu kutaka irudi majini kabla ya likizo ya shule. Nimemwambia itarudi ikikauka.

Fundi wa boti,
Kisumu.