Risala ya Wanafunzi wa Isimu Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa idara, wahadhiri wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, nakukaribisha kwenye maonyesho ya kazi zetu. Historia ya kikundi ni fupi na haina makubwa, kwa hiyo tunairuka na kwenda moja kwa moja kwenye kazi.

Tunaandika maana za sentensi za Kiswahili kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzikagua. Huenda ukauliza: kwani simu hazijibu Kiswahili siku hizi? Zinajibu, tena kwa ufasaha. Shida ni kwamba mashine inaweza kusema vizuri bila kujua kipi kinafuata kutokana na kile ilichokisema. Chukua taarifa hii: "Wanafunzi wote hawakufaulu." Tulipoijadili tuligawanyika. Wengi walisema hakuna hata mmoja aliyepita. Wengine wakashikilia kuwa waliofeli ni baadhi tu. Mzazi anayesubiri matokeo angependa kujua ni ipi! Katika mantiki, ambako "wote" huandikwa kama "kila", ugomvi wote uko kwenye nafasi ya alama ya ukanushi, yaani "si". Ikiwekwa kabla ya "kila", inakanusha kwamba wote wamefaulu. Ikiwekwa baada yake, inamfelisha kila mmoja. Programu utakayoonyeshwa leo hutoa maana zote mbili, kisha humuuliza mtumiaji alikusudia ipi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia hii tumeirithi. Mwaka 1970 Richard Montague, mwanamantiki wa Los Angeles na mwanafunzi wa mwanamantiki mwenzake Alfred Tarski, alitetea hoja kwamba lugha wanazozungumza watu hazitofautiani kimsingi na lugha za kimantiki. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1971, jijini Houston, wanajiolojia waliuliza kwa Kiingereza cha kawaida maswali kuhusu mawe yaliyoletwa kutoka mwezini. Mfumo wa kompyuta wa William Woods uitwao LUNAR uligeuza swali kuwa fomula, ukaipeleka kwenye hifadhidata na kurudi na jibu. Nje ya mawe hayo haukuwa na la kusema, na ufinyu huo bado unaisumbua mifumo ya aina hii, ikiwemo ya kwetu.

Kilichotuvutia zaidi ni kazi ya wataalamu wawili wa maana katika lugha: ya Hans Kamp ya mwaka 1981 na ya Irene Heim ya mwaka 1982. Sikiliza: "Kila mkulima aliyenunua ng'ombe humkamua alfajiri." Anayekamuliwa ni ng'ombe yupi? Hayupo mmoja wa kumnyooshea kidole. Kila mkulima na wake. Kamp alichora visanduku viwili vilivyounganishwa: cha kwanza kina mkulima, ng'ombe na ununuzi, cha pili kina ukamuaji, na ng'ombe aliyetajwa kwenye kisanduku cha kwanza anaruhusiwa kurejelewa kwenye cha pili. Tulipojaribu visanduku hivyo kwa Kiswahili, ngeli zilitubeba. Katika "Jiwe liligonga kioo kikavunjika", mashine inajua kilichovunjika ni kioo. Ila ukisema "Kikombe kiligonga kioo kikavunjika", ngeli ni moja, na hapo hata sisi tunabaki kutazamana.

Changamoto yetu kubwa ni data, yaani sentensi za Kiswahili zilizokwisha kuandikiwa maana. Mpango wa grafu za maana, yaani michoro inayoonyesha nani alifanya nini katika sentensi, ujulikanao kwa kifupi kama AMR, uliotolewa mwaka 2013, ulijengwa kwa kuangalia Kiingereza na hauonyeshi nyakati. Kwa mpango huo "mtoto amelala" na "mtoto alilala" ni grafu ileile, ilhali mama aliye jikoni anajua ni wa sentensi ipi ambaye hapaswi kupigiwa kelele. Mpango mpya zaidi, UMR, umerudisha nyakati na umekusudiwa lugha nyingi. Kwa upande wa maumbo ya maneno, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kukishughulikia Kiswahili kwa kompyuta tangu miaka ya 1980, na tumenufaika. Lakini kuchambua neno ni hatua ya kwanza tu. Sentensi moja ndefu ya gazetini inaweza kutumaliza mchana mzima, watu watatu tukibishania -ki- kama ni ya masharti au ya matendo yanayokwenda pamoja. Kazi hiyo tunaifanya kwa kujitolea, na wenzetu kadhaa wameiacha wakatafute vibarua. Hatuwalaumu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi yetu ni haya. Utusaidie kupata posho kwa wanaoandika maana za sentensi, kwa sababu hapo ndipo kazi inapokwama. Kompyuta tutaendelea kuazimana. Pia utuombee kibali kwa wachapishaji wa magazeti ya Kiswahili tutumie habari zao za zamani, na tukikamilisha, hazina yote ya sentensi na maana zake iwekwe wazi kwa yeyote anayeihitaji.

Baada ya risala hii tunakuomba usogee kwenye meza iliyo karibu na mlango, uandike sentensi yoyote unayoitaka. Usituhurumie.

Naomba kuwasilisha.