Maktaba zisifungwe saa kumi na moja

Ndugu Mhariri,

Nasoma shahada ya afya ya jamii kwa njia ya mtandao huku nikiwa kazini, na kwa mwaka mzima wa kwanza niliingia maktaba ya umma ya mji wetu kwa ajili ya soketi ya umeme na meza tulivu tu. Bando lilikuwa ghali, na kodi ya asilimia 12 iliyowekwa kwenye data Julai 2021 haikunipunguzia mzigo. Mkutubi tulisalimiana kila siku, lakini sikuwahi kumwuliza neno.

Nilimwuliza siku niliyokwama kwa makala iliyokuwa ikiuzwa kwa dola. Alinieleza kwamba majarida mengi ya tiba husomwa bila malipo kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, ila nywila hupewa taasisi iliyosajiliwa, si mtu binafsi. Akanielekeza kwenye maktaba ya chuo jirani inayopokea wasomaji wa nje kwa ada ndogo. Nilikwenda Jumamosi na orodha ya makala kumi na moja, nikazipata tisa. (Mbili zilizobaki, nakiri, nilikuwa nimekosea majina yake.)

Tena, mhadhiri wangu yuko Uingereza na mifano yake yote ni ya huko. Ripoti za sensa yetu na za wizara nilizikuta kabatini, zimechapishwa na kujaa vumbi, wakati mimi nilikuwa nimezitafuta mtandaoni wiki mbili. Anayefika Kampala ana bahati zaidi, kwani Makerere imekuwa ikipokea nakala za machapisho ya nchini kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1958.

Kero yangu ni saa. Maktaba yetu hufungwa saa kumi na moja jioni, wakati uleule sisi wafanyakazi tunapotoka kazini, na Jumapili haifunguliwi kabisa. Kwa kuwa maktaba hizi za umma ziko mikononi mwa serikali za mitaa, naomba madiwani wanaojadili bajeti watenge posho ya mkutubi mmoja na mlinzi mmoja, ili Jumanne na Alhamisi milango ibaki wazi hadi saa mbili usiku. Tuko tayari kuchangia mafuta ya jenereta umeme ukikatika.

Mwanafunzi wa mtandaoni,
Mashariki mwa Uganda