Upepo wa asubuhi

Kisumu,
Jumapili usiku.

Mwalimu mpendwa,

Salamu kutoka kando ya ziwa. Karatasi za mtihani zimerundikana mezani zikinikodolea macho, lakini nimezipa kisogo kwanza nikusimulie ya Ijumaa.

Ile nyumba kuukuu ya mabati mekundu tuliyokuwa tukiipita tukienda sokoni sasa ni ukumbi wa sanaa. Nilienda kwenye ufunguzi wa maonyesho shingo upande, nikitarajia watu wa kushika bilauri na kunong'ona. Kumbe kulikuwa na njugu kwenye sinia, chai ya tangawizi, na mzee wa nyatiti, zeze la Waluo, kwenye kigoda chake mlangoni, vidole kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mapigo.

Vinyago vya mawe ya Tabaka, kule Kisii, tuliruhusiwa kuvishika. "Shika, kwani ni yai?" mchongaji akaniambia. Mawe hayo husuguliwa kwa msasa na maji, mpaka yanakuwa laini na baridi kama shavu la mtungi. Nilishika kimoja muda mrefu hadi nikaona haya.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa mbele ya picha moja: jua linachomoza juu ya milima ya Nandi, mashua inarudi ufuoni, tanga limefura. Mvuvi mmoja wa Dunga, bado na kandambili zake, akaitazama weee, kisha akauliza kwa sauti, "Huyu anarudi na upepo gani?" Kimya. "Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Huo ndio unaotutoa. Wa kuturudisha huja mchana, kutoka ziwani."

Mchoraji, binti mdogo tu, hakununa. "Basi niondoe jua, mzee?"

"Jua liache. Mgeuze mwenye mashua."

Hapo ubishi ukawaka! Mmoja anasema picha si ramani, mwingine anasema samaki hawadanganyiki. Hata mzee wa nyatiti akaacha kupiga, akaja kuangalia. Tulibishana mpaka askari akaanza kuchezesha funguo.

Mvuvi aliuliza bei, akapiga mbinja: "Hizo ni nyavu mpya!" Ila ndiye aliyetoka wa mwisho.

Picha zitakuwepo hadi mwisho wa mwezi. Toka huko Nakuru kwenye flamingo wako, panda matatu Ijumaa baada ya vipindi. Kitanda kipo, na mbuta nitakaanga mwenyewe.

Ni mimi,
Jirani yako wa zamani wa chumba cha walimu