Kuvua glavu hakufundishwi kwa slaidi

Mhariri,

Kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa, taarifa haikosi sentensi hii: wahudumu wa afya wameshapewa mafunzo. Mimi ni muuguzi, na mafunzo hayo nimeyahudhuria mara nyingi. Sentensi hiyo hunitia wasiwasi, kwa sababu haisemi tulifundishiwa wapi, tulifanya nini kwa mikono yetu, wala ni lini tulirudia mara ya mwisho.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye semina ya siku mbili kuhusu homa za virusi zinazosababisha kutokwa na damu. Tulijaa ukumbi. Mkufunzi alikuwa anaijua kazi yake, na hilo simnyimi. Lakini vazi la kujikinga lilikuwa moja tu. Akavalishwa mwenzetu mmoja pale mbele, sisi wengine tukatazama na kupiga picha. Jioni ya siku ya pili tukagawiwa vyeti, tukarudi vituoni.

Haikupita miezi miwili, akaletwa wodini mgonjwa mwenye homa kali na damu kwenye fizi. Mwenzangu, mwenye cheti kama changu, akavaa vizuri, akaingia, akamhudumia kwa upole wote. Alipotoka alikuwa ameloa jasho na miwani imejaa ukungu. Kwa hamu ya kuvuta pumzi akaishika barakoa kwa mbele, mkono ukiwa bado na glavu aliyomshikia mgonjwa, akaivuta chini. Sote wawili tukaganda. Kisha akaniomba nisimwambie mtu. Nilimwambia msimamizi wa zamu, na kwa wiki nzima mwenzangu hakunisemesha. Majibu ya maabara yalitoka salama: haikuwa homa tuliyoihofia. Lakini zile siku za kusubiri, yeye akiwa mbali na watoto wake, sijazisahau.

Hakuwa mzembe. Hakuwahi kuvua lile vazi hata mara moja maishani mwake.

Watu wengi hudhani hatari iko kwenye kuvaa. Iko kwenye kuvua, mtu akiwa amechoka na nje ya vazi kumeshachafuka. Chukua glavu peke yake. Unaibana kwa nje karibu na kifundo cha mkono, unaivua huku ukiigeuza ndani nje, unaikunja kwenye kiganja ambacho bado kina glavu. Halafu kidole kitupu kinapenya chini ya ukingo wa glavu ya pili, kwa ndani, bila kugusa nje, na hiyo ya pili inaifunika ya kwanza kama mfuko. Mikono inasafishwa kila baada ya hatua. Miwani na barakoa huvuliwa kwa kushika kamba za nyuma, macho yamefumbwa. Na muda wote huo anapaswa kuwepo mtu wa pili anayetazama na kutaja hatua kwa sauti, maana kichwa kilichochoka huruka hatua. Ukiwaeleza watu haya kwa maneno wataitikia kwa kichwa. Wavalishe, wape maji yenye rangi mikononi, kisha waambie wavue: wengi watakuta rangi shingoni.

Gharama ya kutofanya hivyo tumeshailipa. Ebola ilipozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani lilikuja kubaini kwamba mhudumu wa afya, kutegemea kazi yake, alikuwa katika hatari ya kuambukizwa mara 21 hadi 32 zaidi ya mtu mzima wa kawaida. Sierra Leone ilimpoteza Dkt. Sheik Umar Khan, bingwa wao wa homa hizi. Kama ugonjwa ulimpata yeye, sembuse muuguzi wa zahanati aliyesoma kipeperushi? Wala utajiri hauokoi. Dallas, Marekani, mgonjwa aliyetoka Liberia alirudishwa nyumbani kwanza, akalazwa siku chache baadaye, na wauguzi wawili waliomhudumia wakaambukizwa. Mwaka 2024 Marburg, homa ya jamii moja na Ebola, ilizuka Rwanda, na wengi wa wagonjwa 66 walikuwa wahudumu wa afya. Rwanda iliudhibiti haraka, vifo vikaishia 15, jambo la kupongezwa sana. Hata hivyo virusi vilishapita mikononi mwa wahudumu kabla jina la ugonjwa halijajulikana.

Na hapo kabla ya jina kujulikana ndipo mafunzo yetu yanapopwaya zaidi. Tunafundishwa kumhudumia mgonjwa ambaye tayari ameandikwa kibao mlangoni. Mgonjwa wa kwanza haji na kibao. Anakuja na homa kama malaria, anaketi kwenye benchi na wengine. Lagos, Julai 2014, Dkt. Ameyo Adadevoh hakuwa amewahi kumtibu mgonjwa wa Ebola. Alimtilia shaka mgonjwa aliyeanzishiwa matibabu ya malaria, akamzuia asiondoke licha ya kushinikizwa, akatoa taarifa. Nigeria ilimaliza mlipuko ule kwa wagonjwa 20 na vifo 8. Yeye alikuwa mmoja wa hao 8. Siku hizi wataalamu wanalenga siku 7 za kuugundua mlipuko, siku 1 ya kutoa taarifa na siku 7 za kukamilisha hatua za kwanza za kuudhibiti. Zile 7 za mwanzo haziko mikononi mwa kamati ya taifa. Ziko kwa mtu wa mapokezi anayeuliza, au asiyeuliza, “umetoka wapi, na nani mwingine nyumbani anaumwa?”

Huyo mtu wa mapokezi haalikwi semina. Wala mlinzi wa getini anayemwinua mgonjwa kutoka kwenye gari, wala dereva, wala mhudumu wa chumba cha maiti. Mfanya usafi ndiye anayefuta damu sakafuni na ndiye anayechanganya klorini. Ya kumwaga juu ya damu ni asilimia 0.5, ya kunawia mikono, pale ambapo hakuna sabuni wala dawa ya kileo, ni 0.05. Akikosea nukta moja, ama ngozi za watu zinababuka, ama virusi vinabaki sakafuni vikiwa hai. Nani amekaa naye na ndoo na kikombe cha kupimia?

Najua nitajibiwa kwamba wahudumu ni wachache na muda haupo. Ni kweli kwamba ni wachache, na ndiyo maana inaniuma kuona wodi ikiachwa na muuguzi mmoja ili wenzake wakakae ukumbini siku mbili. Kituoni kwetu, baada ya kisa kile, tulianza na nusu saa tu, zamu zinapopishana, mara moja kwa wiki. Vazi la mazoezi tunalifua na kulitumia tena. Mara nyingine msimamizi humleta “mgonjwa” wa kuigiza bila kututangazia, tuone atakaa benchi dakika ngapi kabla hajatengwa. Mara ya kwanza alikaa saa nzima na robo. Tuliona aibu kubwa. Wiki iliyopita aliyekuwa akitaja hatua kwa sauti ni mfanya usafi wetu, na alimsimamisha daktari mara mbili. Daktari akarudia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaopanga bajeti za mafunzo, kokote waliko. Punguzeni kumbi. Nunueni mavazi ya mazoezi, yasiyohesabiwa kwenye akiba ya dharura, ili msimamizi wa wodi asiogope kuyafungua. Wapeni wakufunzi nauli ya kuja wodini. Andikeni majina ya walinzi, madereva na wafanya usafi kwenye orodha ileile ya madaktari. Na muweke utaratibu unaomlinda anayesema “nimekosea, nimejigusa”, asikatwe mshahara wala kusemwa mbele za watu, maana mwenzangu hakuniomba ninyamaze kwa sababu ya virusi. Aliogopa barua ya onyo.

Wako,
Muuguzi wa wodi